Simu kuukuu bado zina kazi, tuandikieni programu ndogo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wanaotengeneza programu za simu, na pia wakubwa wanaowalipa kuzitengeneza. Mimi ni fundi wa simu hapa Lamu mjini. Kibanda changu kiko Langoni, kwenye njia ya ndani ambayo punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Nilianza na redio, nikaingia kwenye simu za vibonyezo, na sasa ni mwaka wa kumi na tatu nashughulika na hizi za kugusa kioo.

Watu hudhani kazi ya fundi wa simu ni vioo na matundu ya chaji. Kazi hizo zipo, na maji ya chumvi hayajaninyima riziki. Lakini katika simu kumi ninazoletewa kwa siku, nne au tano hazina ubovu wowote. Betri nzima, kioo kizima, spika inalia. Mwenyewe huniambia, "Imekufa." Ukiiwasha unakuta maneno yaleyale: nafasi haitoshi. Simu imejazwa vitu ambavyo mwenyewe hakuviomba, na kile kimoja alichokuwa akikihitaji kimekosa pa kukaa.

Nitasimulia ya mzee mmoja ndipo nieleweke. Mzee huyu ni nahodha, hupakia abiria na shehena kati ya Lamu na Pate. Simu yake huiweka ndani ya kopo la majarini, imezungushiwa kitambaa, kifuniko kimebanwa, isipate maji. Aliingia asubuhi moja, akaketi kwenye kigoda, akalifungua lile kopo taratibu. Akaniambia kwa Kiamu chetu, "Mwanangu, hini simu hata mayi hainambii tena."

Yaani simu hii hata habari za maji haimwambii tena. Asiyekuwa wa huku huenda asihisi uzito wa neno hilo. Chombo kinachotoka Lamu kwenda Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakijaa unapita. Yakipwa, chombo kilichopakia hukwama, mkangoja humo na watoto na jua kali, pengine na mgonjwa. Manahodha wanayajua maji kwa hesabu ya mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji makubwa, hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne, kisha kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika hamsini mpaka kufikia maji mafu, yale yanayopanda na kushuka kidogo tu. Mzee yule analala na kuamka na hesabu hiyo. Nilimuuliza, "Baba, maji wayajua kichwani, simu ya nini?" Akanijibu kwamba saa anaijua, ila bamvua hazilingani. Ipo inayopanda sana na ipo isiyofika popote, na chombo kikiwa na saruji ndani, shibiri moja tu ya maji ndiyo itakayompitisha au kumkwamisha. Mjukuu wake alimwekea programu inayoonyesha kimo cha maji kwa mita, saa kwa saa, na tangu hapo akawa haanzi kupakia kabla ya kuitazama.

Niliishika ile simu. Android 5.1, RAM gigabaiti 1, hifadhi gigabaiti 8 ambazo zaidi ya nusu yake huliwa na mfumo wenyewe kabla mtu hajaweka hata picha moja. Programu ya maji ilipowekwa mara ya kwanza ilikuwa megabaiti 3 hivi: jina la bandari, tarehe, na safu ya namba. Kisha ikawa inajisasisha yenyewe kila simu inapopata mtandao. Toleo nililolikuta lilikuwa limepita megabaiti 60, lina ramani ya rangi, lina matangazo ya video, na halifunguki mpaka lizungumze kwanza na mtandao. Huko kwenye mikoko ya Mkanda mtandao ni wa kubahatisha. Mzee akifungua anaona kiduara kinazunguka. Kinazunguka, na maji yanapwa.

Nikaliondoa. Kwenye memori kadi yangu ninaweka akiba ya matoleo ya zamani ya programu zilizowafaa watu, na lile la megabaiti 3 nilikuwa nalo. Nikalirudisha, nikazima kule kujisasisha, nikaitia simu kwenye hali ya ndegeni nihakikishe kwamba haiombi mtandao. Namba zikatokea papo hapo. Mzee hakutosheka na kuziona kwenye kioo. Alinishika mkono tukatoka hadi gatini, maana mwezi ulikuwa umeandama juzi yake, na programu ilisema maji yatakuwa yamekupwa kabisa saa tano na nusu. Tulipofika, ngazi za chini zilikuwa wazi zimeota mwani, madau yamelala ubavu kwenye tope. Akatazama simu, akatazama ngazi, akatazama simu tena. "Hini ndiyo niitakayo," akasema, akairudisha koponi. Alinipa shilingi mia mbili. Nilizikataa, akaziacha juu ya meza.

Tangu siku ile jambo hili limenikaa moyoni. Kutabiri maji hakuhitaji simu kubwa. Kila bandari ina namba zake chache, zilizopatikana kwa kupima maji kwa muda mrefu, na ukishakuwa nazo, kilichobaki ni hesabu ya mwendo wa mwezi na jua. Mnamo 1872 huko Uingereza, mwanasayansi William Thomson, ambaye baadaye alipewa jina la Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kapi ya kufanya hesabu hiyo. Mtu alizungusha mpini kwa mkono, nayo mashine ikachora kupanda na kushuka kwa maji ya bandari siku baada ya siku. Kama magurudumu na uzi viliiweza kazi hii miaka mia moja na hamsini iliyopita, simu ya gigabaiti 1 nayo inaiweza. Kinachoishinda ni ramani na video zilizopakiwa juu ya hesabu.

Nyakati za sala ni vivyo hivyo: jua, tarehe na mahali ulipo. Hapa Lamu tuko karibu na ikweta, na kwa mwaka mzima saa ya Magharibi haisogei zaidi ya nusu saa na dakika chache. Jedwali la miezi kumi na miwili lingeenea kwenye faili dogo kuliko picha moja ya harusi. Lakini nimeondoa kwenye simu za watu programu za sala zenye megabaiti mia na ushei, zinazoleta tangazo la kamari adhana ikiwa haijamalizika. Mtu amekwisha tawadha, anataka kusimama mbele ya Mola wake, simu inamwonyesha karata na sarafu zinazomeremeta. Hilo linaniuma, na sioni haya kusema hivyo gazetini.

Kibla ndiyo inayonihangaisha zaidi, kwa sababu hapo mtu hudanganywa bila kujua. Simu nyingi za bei nafuu hazina kihisi cha dira. Programu ya kibla ikikosa kihisi hicho ingepaswa kunyamaza au kusema wazi. Baadhi huonyesha mshale tu. Niliwahi kuletewa simu na mgeni aliyekuwa amepanga chumba huku kwetu, mshale wake umemwelekeza upande wa Shela, yaani kusini, na alikuwa amesali hivyo chumbani siku kadhaa. Wazee wetu wa baharini waliita kaskazini "kibla" na kusini "suheli", na hawakukosea: kutoka Lamu, Makka iko karibu kaskazini kabisa, magharibi kidogo mno. Sentensi hiyo moja ingetosha. Programu ingemwambia mtu: simu yako haina dira, ukiwa Lamu elekea kaskazini. Maneno hayo hayana uzito hata wa kilobaiti moja.

Tochi nayo ina kisa chake. Bibi mmoja wa Mkomani anayepika mahamri huamka kabla ya alfajiri kuwasha jiko, na simu yake ilikuwa ikizima kabla ya adhuhuri. Nilikuta amewekewa programu ya tochi iliyoomba ruhusa ya kujua mahali alipo, kusoma majina aliyoyahifadhi, na kutumia maikrofoni. Tochi ya kuwashia jiko! Mambo haya yalianza zamani. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Marekani ilimbana mtengenezaji wa programu ya tochi iliyoitwa Brightest Flashlight, iliyokuwa imepakuliwa na mamilioni ya watu, kwa sababu ilikuwa ikiwapelekea wenye matangazo habari za mahali mtumiaji alipo bila kumweleza ukweli. Na tangu Android 5.0, iliyotoka 2014, tochi imo ndani ya mfumo wenyewe. Nilimteremshia bibi lile pazia la juu ya kioo, nikamwonyesha alama ya taa. Akaibonyeza, akaizima, akaibonyeza tena. "Ilikuwamo humu siku zote?" Nikamwambia ndiyo, bibi, ilikuwamo. Simu yake sasa inafika Isha.

Kwa muda mrefu jawabu langu kwa watu kama hawa lilikuwa ni mkusanyiko mmoja wa programu ndogo uitwao Simple Mobile Tools, ulioanzishwa na mtengenezaji aitwaye Tibor Kaputa. Picha, kalenda, kikokotoo, daftari, kinasa sauti: kila kimoja peke yake, bila matangazo, na vingi havikuomba hata ruhusa ya intaneti. Nimeviweka kwenye simu nyingi za Lamu, Matondoni na Faza, na wenye simu hawakuniletea lalamiko. Mwishoni mwa 2023 zikauzwa kwa kampuni nyingine, ZipoApps. Kwa kuwa msimbo wake, yaani maandishi ya kompyuta yanayoziunda programu hizo, ulikuwa wazi kwa umma, mmoja wa waliokuwa wakizichangia, Naveen Singh, aliuchukua na kuendeleza mradi huo kwa jina la Fossify. Mimi, nikihofia kwamba mmiliki mpya atazijaza matangazo, nilikaa siku mbili nikipigia simu wateja mmoja mmoja, nikiwaambia wasikubali kusasisha mpaka wapite kibandani. Nilijifunza hapo kwamba udogo wa programu peke yake hautoshi. Lazima msimbo uwe mahali ambapo mwenye kuuza hawezi kuondoka nao wote. Ndiyo maana nikiwekea mtu programu siku hizi natafuta kwanza kwenye F-Droid, ghala la programu huria lililoanzishwa 2010. Kwenye kila programu wanaandika inataka Android ya toleo gani, na matoleo ya nyuma huyaweka pia, ili mwenye simu ya zamani apate linalomfaa.

Kuna jambo jingine ambalo watengenezaji huenda hawalioni, kwa kuwa simu zao ni mpya. Mwanafunzi mmoja wa sekondari alikuja amekasirika karibu kulia. Kila tovuti ya masomo aliyofungua kwenye simu ya marehemu baba yake ilimwambia si salama. Jambo la kwanza ninalotazama hapo ni tarehe. Betri ikiisha kabisa, simu nyingi za zamani husahau siku na kurudi nyuma miaka, na tovuti zote zikazikataa. Ukirekebisha tarehe, yamekwisha. Ya huyu tarehe ilikuwa sawa. Kumbe shida ilikuwa kwenye vyeti vya usalama vya tovuti, yaani hati zinazoithibitishia simu kwamba tovuti ni ya kweli. Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo bure kwa mamilioni ya tovuti, hutumia cheti kikuu ambacho Android zilizotangulia 7.1.1 hazikitambui. Kwa miaka kadhaa walikuwa wamepata dhamana ya cheti cha zamani ili simu hizo zisiachwe nje, na dhamana hiyo ilikwisha tarehe 30 Septemba 2024. Tangu siku hiyo simu nyingi zilizokuwa nzima ziligeuka za kutupwa machoni pa wenyewe, na wengi wao hawajui mpaka leo kilichotokea. Kijana yule nilimwekea Firefox, ambayo hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti bila kutegemea ya simu. Tovuti zikafunguka. Alikuja tena wiki iliyofuata na wenzake watatu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Shangazi yangu anakaa Matondoni, anasuka mikeka na makuti, na ni mwanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho sitakitaja, maana nia yangu si kuwachongea. Miaka yote, akiweka pesa yake, alipata ujumbe mfupi wa maandishi: umeweka kiasi hiki, salio lako ni hili. Hasomi vitabu, lakini namba anazisoma. Ujumbe ule alikuwa akiuhifadhi, haufuti, ndio kitabu chake cha benki. Mwaka jana ujumbe ukakoma. Wanachama wakaambiwa wapakue programu mpya ya chama, humo wataona kila kitu.

Alipanda mashua akaniletea simu. Nikaitafuta hiyo programu, nikabonyeza, simu ikajibu: "Kifaa chako hakioani na toleo hili." Shangazi akaniuliza hakioani maana yake nini. Nikamwambia, hakipatani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwani nimekosana na nani?"

Nilichungulia ile programu kwenye simu yangu mwenyewe. Megabaiti 94, inataka Android 8 kwenda juu. Ukishaingia, baada ya picha za watu wanaocheka na vibonyezo vya rangi, unachokipata ni salio na orodha ya pesa ulizoweka. Yaleyale yaliyokuwa kwenye ujumbe wa maandishi. Kwa hiyo shangazi sasa, akitaka kujua pesa yake mwenyewe, hupanda mashua kuja mjini, alipe nauli ya kuja na ya kurudi, apange foleni dirishani, aulize. Nilikwenda naye mara moja. Karani alimjibu kwa adabu, sina neno naye. Alisema, "Mama, nunua simu ya kisasa tu." Shangazi hakujibu. Alikunja karatasi aliyoandikiwa salio, akaifunga kwenye pindo la leso yake.

Najua wapo wasomaji watakaosema kama karani. Wengine watasema, na hili ni la haki, kwamba simu ya zamani si salama. Ni kweli haipati tena viraka vya usalama, na mimi mwenyewe huwaambia wateja wasiweke programu ya benki kwenye simu ambayo mfumo wake umeachwa. Mwaka 2023 Google iliacha kuihudumia Android 4.4, iliyotoka 2013. Mtu mwenye simu hiyo namwambia bayana aitumie kwa maji, sala, picha na redio, pesa aifanyie kwenye menyu ya laini, ile ya kubonyeza nyota na namba. Huwaambia pia wasipokee faili za programu zinazozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, hata zikitumwa na ndugu. Na zile za mikopo ya haraka zinazotaka kusoma majina yote ya simu, zimewaaibisha watu hapa mtaani kwa kuwapigia wakwe na waajiri wao. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na Benki Kuu ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali 2022, lakini aibu ikishaingia nyumbani sheria haiifuti.

Kwa hiyo sisemi simu kuukuu iachwe ifanye kila kitu. Nasema kuna kazi inazoziweza vizuri, na kazi hizo zinanyang'anywa bila sababu. Kumbuka simu mpya ya bei ya chini kabisa, kwa mvuvi wa huku, ni nyavu mpya ambazo hatanunua. Akiinunua, nayo ya bei hiyo huwa na hifadhi ndogo, baada ya miaka miwili anarudi kwangu na maneno yaleyale ya nafasi haitoshi.

Na nchi hii, Mhariri, inajua kutengeneza vitu vidogo. M-Pesa ilianza 2007, na ilitembea kwenye simu za tochi na vibonyezo mpaka ikafika Kiunga na Ndau. Mpaka leo shangazi yangu akibonyeza *334# hutuma pesa bila kupakua chochote. Usajili wa bima mpya ya afya ya SHA ulipoanza 2024, kulikuwa na *147#, na nilikaa na wazee mmoja mmoja kwenye kigoda changu nikiwasomea, simu za kila namna, hakuna hata moja iliyosema haioani. Ujumbe mmoja wa menyu hizo hauzidi herufi 182. Aliyeziandika alilazimika kufikiri neno gani libaki na lipi liondoke. Ninachoomba ni vijana wetu wafikiri hivyo hata pale ambapo hakuna wa kuwalazimisha.

Chama cha shangazi kingeweza kurudisha ujumbe wa maandishi kesho asubuhi, na programu yao ikaendelea kuwepo kwa wenye simu kubwa. Mtengenezaji wa programu ya maji angeweza kuliacha toleo la kwanza mahali linapopatikana, akaandika juu yake: hili ni la simu za zamani, halina ramani. Taasisi inayotoa jedwali au tangazo kwa watu wa visiwani ingeweza kuliweka kama maandishi matupu, kabla ya kuliweka kama picha nzito au video. Na anayeandika programu aulize simu kwanza ina nini, dira ipo au haipo, mtandao upo au haupo, kisha amwambie mwenye simu ukweli kwa Kiswahili anachokielewa. Hilo la Kiswahili silisemi kwa kupita. Neno kama "hakioani" limemfanya mama wa miaka sitini na saba adhani amegombana na watu.

Mzee wangu nahodha alipita tena juzi. Simu ni ileile, kopo ni jipya. Programu yake ya megabaiti 3 bado inafanya kazi, lakini namba zake zimewekwa mpaka mwisho wa mwaka ujao tu. Aliyeiandika hakuweka zaidi, na mimi si mtu wa kuandika msimbo, ni mtu wa kuchomelea waya. Nimemwahidi nitatafuta kijana wa kuniandikia nyingine kabla ya hapo.

Basi kijana yeyote aliye chuoni, Mombasa, Malindi au Nairobi, anayesoma kazi hii na anatafuta mradi: chini ya meza yangu nina sanduku la simu kumi na tisa zilizoachwa na wenyewe, Android 4.4 mpaka 7, zote zinawaka, nyingine bila kihisi cha dira, nyingine RAM megabaiti 512. Njoo Langoni uulize fundi wa simu, watu watakuonyesha. Chukua unazotaka ujaribie kazi yako, mimi sitaki malipo. Ukija wakati wa bamvua nitakupeleka kwa mzee mwenyewe, akueleze anataka kuona nini kwenye kioo, na kwa ukubwa gani wa herufi.

Fundi wa simu,
Langoni, Lamu